Kutalii Ukiwa Unaishi kwenye RV Mwaka Mzima: Anza Hivi

Maswali ninayoulizwa na watu wapya kwenye maisha ya RV, yaani gari au trela lenye nyumba ndani yake, ni yaleyale kila wiki. RV yangu ya futi 35 itaingia mbuga ya Yellowstone? Maji yanakaa siku ngapi? Mnapata wapi muda wa kutalii wakati kila siku mko barabarani? Nimeamua niandike majibu yote sehemu moja, mtu akiniuliza namtumia. Nazungumzia Marekani maana ndiko ninakoishi maisha haya na ndiko barabara nazijua.

Kabla hatujaanza shika hili maana kila kitu hapa chini kinatoka humo: RV yako ni nyumba, siyo basi la watalii. Nyumba unaihamisha mara chache, unaiweka pazuri, unaisawazisha, unatulia, afu unatoka kutembea na gari dogo na jioni unarudi kulala kwako. Wageni wengi wanafanya kinyume, wanaendesha mtambo wa tani nane mpaka mlangoni mwa kila kivutio, hawapati pa kupaki, wanapiga picha mbili kupitia kioo wanaondoka, na baada ya miezi mitatu wamechoka wanatangaza kuuza. Wengi wao tatizo lao lilikuwa mwendo tu, maisha yenyewe hayana shida.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka

- Gari dogo la kutembelea. Kama RV yako ina injini yake, vuta gari dogo nyuma. Kama una trela, lile gari linalovuta ndo la kutembelea.
- Vipimo vya nyumba yako, vya kupima mwenyewe kwa tepu, usikubali vya kwenye makaratasi ya muuzaji: kimo mpaka juu ya kiyoyozi cha paa, urefu ukijumlisha na kinachovutwa, na upana pamoja na vioo vya pembeni. Andika kwa maandishi makubwa bandika mbele ya usukani.
- Pasi ya mwaka ya mbuga za taifa, ile inaitwa America the Beautiful. Kwa mkazi wa Marekani ni dola 80, na kuanzia 2026 asiye mkazi analipa dola 250. Raia au mkazi wa kudumu mwenye miaka 62 na kuendelea anaweza kununua ya maisha kwa dola 80, na sehemu nyingi inampunguzia nusu ya bei ya kambi pia. Kama una mzazi unasafiri naye mchukulie hiyo mapema.
- Anwani ya kisheria. Wengi wanaoishi hivi wanachagua South Dakota, Texas au Florida, majimbo hayo hayana kodi ya mapato ya jimbo na kuna huduma za kupokea barua zako na kukutumia ulipo.
- Mipira miwili ya maji, mmoja wa maji ya kunywa na mwingine wa kusafishia tangi la choo, rangi tofauti na visikae boksi moja kabisa. Ongeza kidhibiti cha presha ya maji, maana kambi zingine presha ni kali inapasua mabomba ya ndani.
- Kifaa cha kukinga umeme mbovu, na adapta ya kutoka ampea 50 kwenda 30.
- Vibao vya kusawazishia, vizuizi vya matairi, glovu za kutupa, na kipimo cha upepo wa matairi.
- Ramani ulizozishusha kwenye simu za kutumika bila mtandao. Ndani ya mbuga nyingi simu inakuwa tochi tu.

Hatua

1. Chagua eneo na msimu, usichague orodha ya vivutio. Chukua ramani, chora duara la kama maili 60 kuzunguka sehemu moja, jiulize humo ndani kuna vitu vya kuona vya wiki nzima? Kama vipo hapo ndo kituo. Mfano eneo la Black Hills kule South Dakota, unaweka nyumba sehemu moja na kwa gari dogo unafika Mlima Rushmore, Custer State Park, mapango ya Wind Cave na Jewel Cave, na siku moja ndefu unaenda Badlands unarudi. Kituo kimoja, siku kumi, nyumba haijasogea.

Msimu nao ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Fuata hali ya hewa inayokaliana na nyumba yenye kuta nyembamba: baridi ikiingia uko chini kusini mwa Arizona, joto likipanda unapanda milimani. Kusini mwa Utah mwezi wa saba ndani ya trela ni oveni, na mvua za ghafla za kiangazi zinajaza makorongo makavu kwa dakika chache, kwahiyo usipaki kwenye mkondo wa mchanga hata kama umekauka kabisa na panaonekana pazuri.

2. Tafuta kambi kwanza, njia baadae. Kuna aina tatu utakazozitumia sana.

Kambi za ndani ya mbuga ziko karibu na kila kitu, ila nyingi zilijengwa zamani kwa magari madogo na hazina umeme wala maji ya kuunganisha. Mather Campground pale Grand Canyon ukingo wa kusini mwisho ni futi 30 na hamna maunganisho, mwenye nyumba kubwa anaenda Trailer Village palepale jirani. Yellowstone nzima kambi yenye maji, umeme na maji taka ni moja tu, Fishing Bridge, na hapo hema la kitambaa haliruhusiwi kwa sababu ya dubu. Kambi nyingi za mbuga za taifa zinabukiwa miezi sita kabla kwenye tovuti ya Recreation.gov na zinaisha asubuhi ileile zinapofunguliwa. Kama hukupata endelea kuchungulia, watu wanaghairi sana siku chache kabla ya tarehe yao.

Aina ya pili ni kambi za binafsi nje ya mbuga. Gharama iko juu ila unaunganisha kila kitu, unafua, unajaza gesi. Uliza bei ya wiki au ya mwezi, mara nyingi inashuka sana ukilinganisha na kulipa usiku mmoja mmoja.

Ya tatu ndo naipenda kuliko zote, ardhi ya umma, ile ya BLM (idara ya serikali inayosimamia ardhi) na ya misitu ya taifa. Sehemu nyingi unakaa bure mpaka siku 14 ndani ya kipindi cha siku 28 afu unatakiwa usogee. Hamna bomba, hamna umeme, hamna wa kukuchukulia taka. Kwa wanaotaka kukaa baridi nzima sehemu moja jangwani, Quartzsite Arizona kuna maeneo ya BLM ya kukaa muda mrefu kwa kibali kimoja cha msimu kuanzia 15 Septemba mpaka 15 Aprili.

3. Kagua njia kwa vipimo vyako. GPS ya simu inadhani wewe ni gari dogo. Itakupitisha chini ya daraja la futi 10 wakati wewe una futi 12 na nusu, na haitasema kitu. Nunua GPS ya RV au tumia programu inayokubali uingize vipimo, afu bado upitie njia kwa macho yako usiku wa kabla.

Barabara za kuziangalia mapema, hizi ni chache tu kati ya nyingi:

Going-to-the-Sun Road kule Glacier, Montana: gari lenye urefu wa zaidi ya futi 21 au upana wa zaidi ya futi 8 ukihesabu na vioo haliruhusiwi kipande cha kati ya Avalanche na Sun Point. Needles Highway ya Custer State Park ina mahandaki ya jiwe membamba sana, nyumba iache kambini. Handaki la mbuga ya Zion kule Utah lina masharti ya ukubwa, soma masharti ya sasa kabla hujaelekea upande huo. Barabara za parkway za New York zina madaraja ya chini na zimekatazwa kwa magari makubwa, kila mwaka watu wanavua mapaa yao pale. Na mahandaki mawili ya Baltimore hayapokei gari lenye mitungi ya gesi ya kupikia kama ya kwenye RV nyingi, na kwa kuwa daraja la Key, lililokuwa njia mbadala, liliporomoka Machi 2024, unazungukia upande wa magharibi wa barabara ya 695 inayozunguka jiji.

Miteremko pia. US 14A inayoshuka milima ya Bighorn kule Wyoming inafika asilimia 10. Ingiza gia ndogo ukiwa bado juu, acha injini ishike gari, breki unagusa kwa nguvu mara moja unaachia. Ukikanyaga breki muda wote zitapata moto na zikishapata moto hazishiki tena.

4. Siku ya kuhama, hama tu. Usichanganye na kutalii. Mimi mwisho wangu ni maili 200, na saa tisa alasiri nataka niwe nimeshafika, kwa sababu kurudisha nyumba nyuma kwenye nafasi nyembamba gizani, umechoka, mnafokeana, ndo kunavunja vioo na ndoa.

Asubuhi ya kuondoka zunguka nyumba ukiwa peke yako, kimya, bila simu na bila kuongea na jirani. Gusa kila kitu kwa mkono: ngazi imekunjwa, antena iko chini, turubai la kivuli limefungwa, slaidi (zile sehemu za chumba zinazotoka nje ubavuni) zimeingia, waya wa umeme umechomolewa, mpira wa maji umetoka, valvu za maji taka zimefungwa, vizuizi vya tairi vimetolewa, taa za nyuma zinawaka. Jirani mmoja aliwahi kuja kunisalimia nikiwa katikati ya mzunguko huo, tukaongea, tukaagana vizuri, nikaingia nikaondoka. Nilisikia mlio kama wa kitambaa kinachanika. Waya wa umeme ulikuwa bado umechomekwa, ulikuwa umenyooka mpaka ukakatika kichwani. Tangu siku hiyo mtu akija namwambia samahani nisubiri dakika tano, nikikatizwa naanza mzunguko upya kuanzia ngazi.

Na uwe makini na mkia. Nyumba ndefu ikikata kona kulia, makalio yake yanatoka kushoto futi kadhaa. Kwenye kituo cha mafuta nenda mbele moja kwa moja mpaka mkia upite zile nguzo za njano, ndo ukate kona. Tumia pampu za malori ukiweza.

5. Ukifika, fuata mpangilio mmoja siku zote. Pima umeme wa kambi kwanza kabla hujachomeka nyumba. Sawazisha kushoto na kulia, weka vizuizi vya matairi, ndo uchomoe trela kwenye gari. Watu wanaruka vizuizi kwa sababu "pako tambarare". Weka vizuizi. Baada ya hapo mbele na nyuma, maji, slaidi, gesi.

6. Siku ya kwanza usianze kutalii. Najua umefika Moab kule Utah na miamba mekundu inakuita. Tulia. Jaza friji, fua, kalale. Nenda kituo cha wageni uzungumze na askari wa mbuga, muulize njia gani imefungwa, wapi watu ni wachache, saa ngapi paking inajaa. Dakika kumi na huyo mtu zina faida kuliko masaa matatu ya kusoma mtandaoni.

7. Toka alfajiri, rudi mchana, toka tena jioni. Hii ndo faida kubwa ya kulala jirani na kivutio na ni aibu kutoitumia. Wanaotoka hoteli za mbali wanafika saa nne, saa tano. Wewe saa kumi na mbili kasoro uko Mather Point pale Grand Canyon na chupa yako ya chai, korongo bado la bluu, afu jua linagusa ncha ya mwamba mmoja upande wa pili, unakuwa kama kaa la moto, kisha mwingine, kisha mwingine, na rangi inashuka taratibu mpaka chini na hamna anayekusukuma kwa kiwiko. Saa nne paking ikianza kujaa wewe unarudi nyumbani kukaanga mayai.

Mbuga kubwa igawe. Barabara ya mzunguko ya Yellowstone ina umbo la namba nane (8) na ni kama maili 142, mwendo mwisho ni maili 45 kwa saa, na baisoni wakiamua kulala barabarani hamna mtu anaenda popote. Siku moja chukua mzunguko wa chini wenye Old Faithful na Grand Prismatic, siku nyingine wa juu wenye Mammoth na Norris, na asubuhi moja nzima wape wanyama wa Lamar Valley. Kaa mbali yadi 25 na baisoni, yadi 100 na dubu au mbwa mwitu. Baisoni anaonekana mzito, ila anakimbia kukuzidi mara tatu.

Kule Zion, msimu ambao mabasi ya mbuga yanabeba wageni, magari binafsi hayaingii barabara ya bondeni, kwahiyo hata hilo gari dogo liache mjini Springdale upande basi. Na kama una mbwa, jua kwamba njia nyingi za miguu ndani ya mbuga za taifa haziruhusu mbwa, panga zamu, na usimfungie kwenye gari juani.

8. Ishi ndani ya matangi yako. Una matangi matatu: maji safi, maji machafu ya sinki na bafu, na choo. Watu wawili wanaojibana na tangi la galoni 40 la maji safi wanaweza kufika wiki. Kujibana ni hivi: unalowana, unafunga maji, unajipaka sabuni, unafungua unasuuza. Vyombo unafuta kwa karatasi kwanza ndo unaosha.

Valvu ya choo IFUNGWE muda wote hata ukiwa umeunganishwa na maji taka. Hili kosa linafanywa na karibu kila mgeni. Ukiacha wazi maji yanaondoka yabisi inabaki, inajenga mlima chini ya choo, inakauka, na kuuvunja ni kazi ya siku mbili. Subiri tangi lifike theluthi mbili, fungua choo kwanza, afu maji ya sinki yafuate kusafisha mpira. Vaa glovu. Mwaga kwenye kituo cha maji taka tu, kamwe siyo porini. Ardhi za bure zinafungwa mwaka hadi mwaka kwa sababu ya watu wanaoacha uchafu, na ukiipenda hii nchi kama mimi inauma kukuta lango limefungwa pale ulipokuwa unalala.

Betri za asidi usizishushe chini ya nusu, zinakufa mapema. Za lithiamu zinavumilia mpaka asilimia 20 hivi. Sola inatosha taa, simu, laptop na pampu ya maji. Kiyoyozi ni habari nyingine, hapo ni jenereta au kambi yenye umeme, na jenereta izime usiku, jirani yako amekuja kusikia ukimya.

9. Weka siku za kawaida kwenye kalenda. Kufua, kazi, kupiga simu nyumbani, kubadili mafuta ya injini, kukaa tu nje na kiti. Mimi kila siku mbili za kutembea naweka moja ya kawaida. Ukitalii kila siku mwaka mzima, ikifika korongo la nane hulioni tena, na kosa siyo la korongo.

Mambo yakiharibika

*Trela linayumba barabarani.* Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani umenyooka, bonyeza breki za trela kwa mkono kama unacho kifaa chake, breki ya gari usiiguse kwa nguvu. Ukisimama kagua mzigo. Uzito unaoegemea ndoano ya kuvutia uwe kama asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wa trela. Vitu vizito vikiwa vimerundikwa nyuma ndo mkia unaanza kucheza.

*Tairi linapasuka.* Sababu kubwa ni upepo mdogo na umri. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Likifika miaka mitano anza kulikagua kila safari, likipita saba badilisha hata kama kashata zinaonekana mpya.

*Kipimo cha tangi kinasema limejaa na umetoka kulimwaga.* Kuna karatasi au uchafu umeganda kwenye sensa. Jaza maji nusu, endesha nalo maili kadhaa litikisike, mwaga.

*Friji ya gesi haigandishi.* Angalia kama nyumba imelala upande. Friji za aina hiyo zinahitaji kusimama sawasawa, na milima mirefu nayo inaweza kuzima moto wake.

*Umefika na kambi imejaa.* Usilale pembeni ya barabara ya mbuga, utaamshwa na faini. Kila siku ya kuhama uwe na sehemu ya pili na ya tatu zimeandikwa, na moja iwe ardhi ya umma uliyokagua barabara yake kwa picha za setilaiti. Kama hujui barabara ya vumbi ikoje mbele, simamisha nyumba panapogeuzika ukaitazame kwa miguu au kwa gari dogo kwanza.

*Upepo usiku.* Kule Buffalo Gap, ardhi ya umma ukingoni kabisa mwa Badlands, unapaki ukiangalia bonde lote na unadhani umeshinda dunia. Saa nane usiku upepo ukaja ubavuni, vikombe vinagonga kabatini, nyumba inapiga magoti. Tuliingiza slaidi, tukafunga kila kitu, tukaisogeza yadi mia nyuma kutoka ukingoni na kuigeuza pua itazame upepo, ikatulia. Kwahiyo ukipaki sehemu ya wazi, paki ukiwa umeshajua utatokea wapi gizani, na turubai la kivuli usilale nalo likiwa nje.